Uzi: Yaliyomo kwenye majarida ya zamani ya hadithi za ujasiri, na namna ya kuyahakiki ukurasa kwa ukurasa

Mzee wa Rafu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaoorodhesha, wanaoskani au wanaonunua majarida ya zamani ya Marekani ya hadithi za safari, vita, uwindaji na mikasa. Mtu anapakia picha ya ukurasa wa yaliyomo, anaandika "toleo limekamilika", kazi imeisha. Haijaisha. Ukurasa ule ulitungwa kumvuta mnunuzi pale kibandani. Unaficha vitu vidogo, vikubwa unavipandisha cheo, na mtunza orodha haukumfikiria hata kidogo. Orodha ya kuaminika hutoka kwenye kurasa zenyewe.

Tutenganishe makundi mawili kwanza, maana kila moja lina mitego yake.

Kundi la kwanza ni palpu, yale ya karatasi nyepesi ya rojo la mbao. Frank Munsey alifungua njia mwaka 1896 alipoigeuza The Argosy kuwa jarida la hadithi tupu, kurasa 192 kwa senti 10. Wakafuata All-Story (1905), Adventure (1910), Black Mask (1920), Weird Tales (1923) na mamia mengine. Kipimo cha kawaida ni takriban inchi 7 kwa 10, safu mbili za maandishi kila ukurasa, pini zimepigwa ubavuni na jalada limebandikwa kwa gundi.

Kundi la pili ni majarida ya wanaume yaliyoshamiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia: True, Saga, Stag, Male, For Men Only, na Argosy ilipobadilishwa sura miaka ya 1940. Haya ni makubwa zaidi, pini ziko kwenye mkunjo wa katikati, yana michoro ya kurasa mbili mbili, na karibu kila kisa kinadai kilitokea kweli.

Utaratibu ni huu. Anzia kwenye maandishi madogo ya mchapishaji, kwa kawaida chini ya ukurasa wa yaliyomo: nakili juzuu, namba, tarehe, jina la kampuni na anwani. Usinakili tarehe ya jalada ukaiita siku ya kutoka. Toleo la Oktoba lilikuwa kibandani Septemba, kwa sababu tarehe ile ilimwambia muuzaji lini aliondoe. Kisha funua ukurasa wa kwanza wenye namba na usonge mbele bila kuruka. Kila kitu chenye kichwa chake kipate mstari wake: ukurasa unapoanza, unapoishia, kichwa kama kilivyo juu ya hadithi (siyo kama kilivyo kwenye yaliyomo), jina la mwandishi kama lilivyochapwa, mchoraji kama sahihi yake inasomeka, na aina. Aina zinazotosha ni riwaya, noveleti, hadithi fupi, sehemu ya mfululizo, shairi, safu, na jazio. Jazio ni vile vipande vya mistari 10 au 20 vinavyoziba sehemu ya chini ya safu hadithi inapoisha mapema. Havionekani kabisa kwenye yaliyomo, na baadhi yake vina majina ya waandishi ambao baadaye walipata sifa.

Ukimaliza, ndipo ulinganishe na ukurasa wa yaliyomo. Tofauti zote ziandike, usizisahihishe kimyakimya.

Kibokoni

Ahsante sana mzee. Hapo kwenye aina nina swali. Jarida likiandika "riwaya kamili ndani ya toleo hili", niandike riwaya au nihesabu maneno?

Mzee wa Rafu

Hesabu. Chukua mistari 10 iliyojaa, tafuta wastani wa maneno kwa mstari. Zidisha kwa mistari ya safu moja, kisha kwa safu mbili, kisha kwa idadi ya kurasa baada ya kutoa nafasi ya michoro na matangazo. Mfano: maneno 7 kwa mstari, mistari 48, safu 2, ni 672 kwa ukurasa. "Riwaya kamili" ya kurasa 40 inakuwa na maneno 26,880. Hiyo ni noveleti iliyovaa koti la baba yake. Kwenye orodha andika aina uliyopata kwa hesabu, na pembeni nakili maneno ya jarida.

Ila zipo zilizokuwa riwaya kwelikweli. All-Story ya Oktoba 1912 ilichapa Tarzan of the Apes nzima ndani ya toleo moja, na Edgar Rice Burroughs alilipwa dola 700. Ukiigawa kwa maneno zaidi ya 80,000 unapata chini ya senti moja kwa neno.

Binti Kurasa

Naongezea upande wa safu, kwa sababu hapo ndipo orodha nyingi hutoboka. Mtu anaorodhesha hadithi 9 na kuacha kurasa 15 za nyuma kwa kuona ni "barua za wasomaji". Kwa Adventure hilo ni kosa kubwa.

Chini ya mhariri Arthur Sullivant Hoffman (1912 hadi 1927) nyuma ya jarida palikuwa na mambo yafuatayo. The Camp-Fire: waandishi wanaeleza walikotoa habari za hadithi zao, wasomaji wanawapinga kwa jina na kwa ushahidi. Ask Adventure: wataalamu waliogawiwa maeneo ya dunia na fani, kuanzia bunduki hadi mitumbwi, Afrika yenyewe iligawanywa vipande. Msomaji alitakiwa kuambatisha bahasha yenye anwani yake na stempu, kwani majibu mengi yalikwenda kwa posta na machache tu ndiyo yalichapwa. Lost Trails: matangazo ya kutafuta ndugu na marafiki waliopotea. Halafu Old Songs That Men Have Sung, safu ya nyimbo za mabaharia, wakata miti na wachunga ng'ombe, iliyoendeshwa na Robert W. Gordon kuanzia 1923 hadi 1927. Mwaka 1928 Gordon akawa mkuu wa kwanza wa hifadhi ya nyimbo za kiasili kwenye Maktaba ya Bunge ya Marekani. Kwa hiyo mtu anayeruka safu ile anaruka chanzo ambacho watafiti wa muziki hulipa kukipata.

Kila kipande cha The Camp-Fire kiandikie mstari: jina la mwandishi wa barua, mji, na hadithi anayoizungumzia. Mfano mzuri ni ule mfululizo wa hadithi za shujaa Tros, wa mwandishi Talbot Mundy, ulioanza Februari 1925. Mundy alimchora Julius Caesar kama jambazi, na wasomaji waliosoma Kilatini wakamjia juu. Mabishano yakaendelea toleo baada ya toleo. Mwenye hadithi bila barua ana nusu ya habari.

Jambo la tarehe pia. Kati ya 1921 na 1926 Adventure lilitoka mara 3 kwa mwezi, tarehe 10, 20 na 30. Ukiandika "Machi 1923" pekee hujasema ni lipi kati ya matatu.

Msomi wa Bandari

Mada ya Mundy inatuhusu watu wa pwani moja kwa moja. Huyu aliwahi kuishi Afrika Mashariki ya Waingereza kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1909, na mwaka 1919 Adventure lilimchapia mfululizo uitwao On the Trail of Tippoo Tib. Kisa kinaanzia Zanzibar: watu wanasaka pembe za ndovu zinazodaiwa kufichwa na Tippu Tip. Tippu Tip halisi, Hamed bin Muhammad el Murjebi, alifariki Zanzibar mwaka 1905, yaani miaka 14 tu kabla. Mwaka huohuo 1919 kisa kikatoka kama kitabu kwa jina The Ivory Trail.

Hapo pana mtego wa kuorodhesha: jina la kwenye jarida na jina la kitabu mara nyingi havifanani. Under the Moons of Mars (All-Story, Februari hadi Julai 1912, sehemu 6) mwaka 1917 ikawa A Princess of Mars. The Curse of Capistrano ya Johnston McCulley, iliyomzaa Zorro, ilitoka sehemu 5 kwenye All-Story Weekly kuanzia Agosti 9, 1919, na ilipotoka kitabu mwaka 1924 ikaitwa The Mark of Zorro. Orodhesha kwa jina la jarida, weka jina la kitabu kwenye maelezo. Ukifanya kinyume, anayetafuta toleo hatalipata.

Na siyo jina tu linalobadilika. Kwenye Tarzan ya jarida, Sabor alikuwa chui milia. Chui milia Afrika! Wasomaji wakalalamika, kitabu kilipotoka 1914 akageuzwa simba jike. Burroughs hakuwahi kukanyaga bara hili na inaonekana. Ndiyo maana usijaze maelezo ya toleo kwa kusoma kitabu.

Kibokoni

Majina ya waandishi je? Kuna toleo lina majina 8 lakini wanaodai kujua wanasema waandishi ni 5.

Mzee wa Rafu

Inawezekana kabisa. Mhariri hakupenda jina moja litokee mara mbili ndani ya toleo moja, kwa hiyo hadithi ya pili ilipewa lakabu. Kuna pia majina ya nyumba, yaani lakabu inayomilikiwa na kampuni na kuvaliwa na yeyote aliyepewa kazi. Kenneth Robeson ni jina la Street & Smith; jarida la Doc Savage lilipoanza Machi 1933 aliyekuwa nyuma yake zaidi alikuwa Lester Dent. Maxwell Grant wa jarida la The Shadow kwa sehemu kubwa ni Walter B. Gibson. Andika jina lililochapwa, kisha "ni" na jina halisi kama una ushahidi wa rekodi za malipo au hakimiliki. Mtindo wa uandishi peke yake siyo ushahidi.

Makosa ya chapa nayo yaache yalivyo. Burroughs alituma Under the Moons of Mars kwa lakabu Normal Bean, akimaanisha mtu mwenye akili timamu. Mpangaji herufi akaona ni kosa, akachapa Norman Bean. Orodha inapaswa kusema Norman Bean.

Karani Mstaafu

Tuje kundi la pili, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea.

Majarida ya pini za katikati yana hesabu yake. Kila karatasi iliyokunjwa inabeba kurasa 4: mbili mbele, mbili nyuma. Kurasa zinazoshikana, ukizijumlisha, huleta jumla ya kurasa kuongeza 1. Jarida lenye kurasa 96 za ndani: ukurasa wa 5 umeshikana na wa 92, wa 6 na wa 91. Karatasi ya 5–6 ikichanika, ya 91–92 inabaki bila kishikizo na ndiyo inayodondoka baadaye. Tahadhari: baadhi ya wachapishaji walihesabu jalada kama ukurasa wa 1, hivyo ukurasa wa kwanza wa ndani unasoma 3. Hapo tumia jumla inayohesabu na majalada.

Kwa nini hili ni kubwa kuliko kwenye palpu? Kwa sababu ya mpangilio. Hadithi zote zilianza mbele na mchoro mkubwa, kisha zikakatwa: "inaendelea ukurasa wa 74". Nyuma ni mikia ya hadithi iliyobanwa kati ya matangazo. Ukipoteza karatasi moja ya nje umeharibu mwanzo wa hadithi moja na mwisho wa nyingine, pengine ya tatu pia. Kwa hiyo mbali na kuhesabu kurasa, fuata kila "inaendelea" hadi ifike, na kutoka kila mkia rudi kwenye mwanzo wake. Kwenye orodha andika hivi: 22–25, 74, 76, 78–79.

Muuzaji anapokuambia "kurasa zote zipo", mwombe picha ya kurasa mbili za katikati zikionyesha pini, na picha ya jarida likiwa wima kutokea juu ili uone mikunjo. Karatasi iliyochomolewa huacha ukingo mwembamba kama hajaukata.

Jingine ni mchoro wa katikati uliokatwa kwa ajili ya fremu. Michoro ya Norman Saunders, Mort Künstler, Samson Pollen, Gil Cohen na wenzao ina soko lake, kwa hiyo kuna matoleo yaliyochinjwa. Künstler alitumia pia jina Emmett Kaye. Usiwaandike kama wachoraji wawili.

Binti Kurasa

Karani, na hilo dai la "kisa cha kweli"? Nani analipima?

Karani Mstaafu

Mtunza orodha halipimi, analiweka alama. Gawa mafungu matatu: makala yenye watu, mahali na tarehe vinavyothibitika nje ya jarida, makala yenye mahali na vita halisi lakini mashujaa wasioonekana popote, na hadithi tupu iliyobandikwa lebo ya kweli. Sehemu kubwa ya kurasa za Stag na Male iko kwenye mafungu mawili ya mwisho. Yalitoka kampuni ya Martin Goodman, Magazine Management, ambako Bruce Jay Friedman alikuwa mhariri na Mario Puzo aliandika mikasa ya vita kwa jina Mario Cleri. Nathari yenyewe ilikuwa hodari. Lebo ndiyo yenye kasoro. Kuna tawi zima la wanyama wanaorarua watu: Man's Life ya Septemba 1956, jalada la Wil Hulsey, ina mtu ndani ya maji akishambuliwa na vicheche. Hiyo sidhani inahitaji kupimwa.

Lakini usitupe yote jaa moja. True ya Januari 1950 ndiyo iliyobeba makala ya Donald Keyhoe kuhusu visahani vinavyoruka. Argosy ya Februari 1964 ndiyo ilimchapa Vincent Gaddis, na jina la Pembetatu ya Bermuda likaanzia hapo. Na Argosy tangu 1948 ilikuwa na safu ya Erle Stanley Gardner, mwanasheria, iliyochunguza upya kesi za watu waliodaiwa kufungwa bila hatia.

Msomi wa Bandari

Kwa visa vya kwetu, simba wala watu wa Tsavo wa 1898 ni kipimo kizuri. Wanarudiwa sana kwenye majarida haya. Angalia idadi ya waliouawa. J. H. Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba hao, kwanza alizungumzia wafanyakazi 28 wa reli pamoja na Waafrika ambao hawakuhesabiwa, baadaye akapanda hadi 135. Utafiti wa mifupa na manyoya ya simba wale walioko Field Museum, Chicago, uliotoka 2009, ulikadiria karibu 35. Makala ikisema 135 unajua ilinakili wapi.

Makala za miaka ya 1950 kuhusu Mau Mau zisome kwa jicho kali zaidi. Nyingi zimejaa damu na walowezi, na Mkikuyu ndani yake hana jina. Kwenye orodha taja mada na mahali, usinakili matusi ya kichwa kidogo kama maelezo yako.

Fundi Skana

Upande wa vitendo. Karatasi ya palpu ina lignini na asidi, ndiyo maana inageuka kahawia na kuvunjika kama kaukau. Usilifungue jarida bapa kwenye kioo cha skana: pini ziko ubavuni, mgongo utapasuka na jalada litang'oka. Tumia kitanda cha umbo la V, ufunguzi usizidi takriban nyuzi 100, na kamera juu. Nyuma ya kila karatasi weka kipande cha karatasi nyeusi. Maandishi ya upande wa pili hayatapenya. Dpi (nukta kwa inchi) 400 zinatosha kwa maandishi, 600 kwa jalada na michoro. Hifadhi TIFF, kisha utoe PDF. Usisafishe rangi ya kahawia kwenye faili mama.

Selotepu marufuku, gundi yake inahamia kwenye wino. Mpasuko uzibwe kwa karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, mwembamba. Plastiki iwe ya poliesta. Ile laini ya kawaida inayonata usitumie. Pwani yetu unyevu ndio adui: ukizidi asilimia 65 kuvu inaanza, na pini zinapata kutu inayokula karatasi. Lenga 40 hadi 50, chumba kisicho na jua, sanduku lisilo na asidi, jarida lilale bapa kama mgongo umelegea. Kabati la mbao lililogusa ukuta wa nje ni mahali pabaya kuliko pote.

Kibokoni

Na kuzipakia mtandaoni? Tunaruhusiwa?

Mzee wa Rafu

Kwa sheria ya Marekani, kilichochapwa huko kabla ya 1978 kinalindwa miaka 95 tangu kuchapwa kama masharti yalitimizwa. Ya 1929 yalifunguka Januari 1, 2025, ya 1930 Januari 1, 2026. Yaliyochapwa kabla ya 1964 yalihitaji kusajiliwa upya mwaka wa 28; yasiyosajiliwa yako huru. Lakini tafuta mara mbili: usajili wa jarida zima, na usajili wa kila mwandishi kwa hadithi yake, kwa sababu wengi walijisajilia wenyewe. Jarida huru linaweza kubeba hadithi moja isiyo huru. Kabla hujaskani, angalia pia kama lipo tayari Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na ulinganishe orodha yako na FictionMags, faharasa ya mtandaoni ya majarida ya hadithi. Ukikuta hawana safu na majazio, kazi yako ina thamani.

Kibokoni

La mwisho. Nina karatasi moja pekee, upande mmoja mwisho wa hadithi, upande wa pili matangazo ya shule za posta na ya mafunzo ya kujenga misuli ya Charles Atlas. Nitajuaje ni ya jarida gani?

Karani Mstaafu

Anza na kuponi. Matangazo ya posta yalikuwa na alama baada ya anwani, "Dept." na herufi au namba, ili mtangazaji ajue jibu limetoka jarida lipi na toleo lipi. Tafuta tangazo hilohilo, lenye alama hiyohiyo, kwenye matoleo yaliyoskaniwa. Kumbuka tu kwamba kampuni yenye majarida mengi iliuza nafasi kwa kundi, hivyo alama moja inaweza kuonekana kwenye majarida kadhaa ya mwezi mmoja. Kwa hiyo thibitisha kwa kichwa kidogo kilicho juu ya ukurasa, namba ya ukurasa, upana wa safu kwa milimita, na jina la mhusika kwenye mkia wa hadithi. Pini nazo zinasema: matundu mawili ubavuni ni palpu, alama kwenye mkunjo ni kundi la pili. Weka picha ya pande zote mbili hapa, na rula pembeni.